Maneno Yaliyovuka Lubiriha

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akifika sokoni Beni anaweza kumsikia mteja aliyemtangulia akimwambia mama mwenye meza, "Nataka kuuza nyanya." Mgeni atashangaa. Nyanya si za mteja huyo, kapu lake ni tupu, sasa anataka kumuuzia nani? Mwenye meza hashangai hata kidogo. Anahesabu nyanya, anapokea franga, anarudisha chenji. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, anayeuza ni yule anayetoa pesa na kuondoka na mali. Anayebaki na pesa anauzisha.

Mwalimu wa Kiswahili sanifu angepiga mstari mwekundu papo hapo. Afadhali asubiri, asikilize kwanza majirani. Mnyarwanda husema kugura akinunua na kugurisha akiuza, na Mrundi husema hivyohivyo: kuuza kwao ni kumfanya mwenzako anunue. "Kuuza" ya Unguja nayo ilianza njia hiyo. Ilikuwa mzizi wa zamani wa Kibantu wenye maana ya kununua, ukaongezewa kiambishi cha kusababisha, kisha sauti zikayeyukiana hata mshono haukuonekana tena. Neno lilipofika bara, waliolipokea wakaliona kama mzizi mtupu, wakalitia -isha yao. Mkongo, kwa hiyo, amesababisha mara mbili, na kosa lake limeshonwa kwa sarufi safi.

Wanaohangaika leo na Kiingereza huko Bungulu na Butembo wanapita njia ileile, ila mshono wao uko mahali pengine.

Bungulu ni mojawapo ya komini nne za mji wa Beni, pamoja na Beu, Mulekera na Ruwenzori. Ukishika barabara ya mashariki, kilomita kama 80, unafika Kasindi, na ukivuka mto Lubiriha uko Mpondwe, Uganda. Upande wa magharibi serikali huandika kwa Kifaransa. Upande wa mashariki huandika kwa Kiingereza. Kusini mwa Beni, kilomita 54, ndiko Butembo, mji wa wafanyabiashara ambao kwa miaka mingi wamesafiri hadi Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa. Kijana wa huku huanza na Kinande nyumbani, akajifunza Kiswahili mtaani, akapigwa na Kifaransa darasani. Kiingereza humkuta sekondari kama somo, au mpakani kama riziki.

Kijana huyo akitafuta kazi kwa Kifaransa, anaandika "demande d'emploi", ombi la kazi, na kila ofisi kutoka Kinshasa hadi Goma itaiona barua hiyo kuwa ya adabu kabisa. Shirika likitaka barua kwa Kiingereza, mkono wake unaandika lile neno lililo karibu: "I demand a job." Msomaji wa Kiingereza anasikia mtu anayegonga meza. Mwombaji ameinamisha kichwa, neno limeinua ngumi.

Lawama ya neno hili iende Normandy. Mwaka 1066, William, mtawala wa jimbo hilo la Ufaransa, alivuka bahari na kuiteka Uingereza. Kwa vizazi kadhaa wenye nguvu walisema Kifaransa, na watawaliwa Kiingereza. Hadi mwaka 1362 ndipo bunge la Uingereza lilipopitisha sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu washtakiwa hawakuelewa kilichokuwa kikisemwa juu yao. Mkulima wa Beni aliyewahi kusimama mbele ya hakimu na kusikia kesi yake ikisomwa kwa Kifaransa angemwelewa vizuri sana mkulima yule wa Kiingereza. Ni katika mahakama hizo za Kifaransa ndipo "demander" ilipokakamaa. Anayeomba mbele ya hakimu anaomba kilicho haki yake. Kuomba kukageuka kudai. Ufaransani neno likabaki pole, Uingereza likatoka na meno.

Maneno ya namna hii ni mamia. "Assister" kwa Kifaransa, likitumika kwa mkutano, ni kuhudhuria. "Assist" kwa Kiingereza ni kusaidia, na anayeandika kwamba alisaidia mkutano huenda aliketi kimya nyuma tangu mwanzo hadi mwisho. "Actuellement" ni kwa sasa. "Actually" ni kwa kweli. "Passer un examen" ni kuufanya mtihani tu, hata ukianguka. "To pass an exam" ni kuufaulu. Hapo mwombaji kazi anaweza kusema uongo bila kujua, akadai amefaulu mtihani ambao majibu yake bado hayajatoka.

"Library" ina kisa chake. Mwanafunzi wa Butembo huizoea "librairie" kama duka la vitabu, hivyo anaandika kwamba amenunua kamusi "in the library". Mwalimu anamrekebisha: "library" ni maktaba. Ni kweli, lakini Kifaransa chenyewe ndicho kilichohama. Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, aliuita "librairie" mkusanyo wa vitabu vyake uliokuwa ndani ya mnara, na hakuwa akiuza kitabu hata kimoja. Waingereza walichukua neno likiwa bado na maana hiyo. Baadaye Wafaransa wakaanza kuiita maktaba "bibliothèque", na "librairie" ikaenda sokoni. Mwanafunzi anapigwa mstari mwekundu kwa sababu Kiingereza kimetunza Kifaransa cha kale kuliko Kifaransa.

Neno lililosafiri kuliko yote, hata hivyo, ni lile linaloitwa magazini. Huko Butembo magazini ni duka, kutoka "magasin" ya Kifaransa. Kwa Kiingereza "magazine" ni jarida. Maneno yote mawili yametoka Uarabuni: makhazin, maghala, kutoka mzizi uleule uliowapa Waswahili neno hazina. Wafanyabiashara wa bahari ya Kati walilibeba hadi Italia na Ufaransa, Waingereza wakalitumia kwa ghala la bidhaa na ghala la baruti. Mwaka 1731 Edward Cave wa London akaanzisha chapisho aliloliita The Gentleman's Magazine, yaani ghala la habari kwa mabwana, na jina likawashika majarida yote yaliyofuata. Kwa hiyo Mwarabu wa pwani aliyeleta hazina, Mbelgiji mkoloni aliyeleta magazini na Mganda anayesoma "magazine" wote wanabeba ufunguo wa ghala moja, ila kila mmoja amefungua chumba chake.

Kiswahili nacho kilifika huku kwa misafara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, akina Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, walijenga vituo Kasongo na Nyangwe, kisha wakashuka na mto hadi maporomoko yaliyo karibu na Kisangani ya leo. Watu wao walijiita waungwana. Wengi hawakuwa wazaliwa wa pwani hata kidogo; walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na wengine waliokishika Kiswahili njiani. Mpelelezi Stanley alipopita msitu wa Ituri mwaka 1887, alikuta kambi za waungwana zimeshafika humo. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Dola Huru ya Kongo, ya mfalme wa Ubelgiji, iliwang'oa mabwana hao wa pwani. Lugha yao haikung'oka. Ikaitwa Kingwana.

Kilichofuata ni bahati mbaya ya kalenda. Juni 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya makoloni ya Waingereza ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu. Ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Mwaka huohuo wa 1928, kule Wayika kando ya mto Lualaba, wamisionari John na L. F. Whitehead walichapa Manuel de Kingwana, kitabu cha sarufi kilichokiita Kingwana lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, yaani ndugu wa Kimvita cha Mombasa na Kiunguja. Mwaka mmoja, njia mbili. Ya Mombasa ilipata shule, mitihani na wapiga chapa wa nchi nne. Ya Wayika ilibaki kwa wamisionari na wataalamu. Tangu siku hizo, kinachotofautiana na Unguja huitwa Kiswahili kibovu, na wenyeji wa Beni wenyewe husema hivyo, tena wakicheka.

Ubovu huo una utaratibu wake. Katika Kiswahili cha huku mtu husema "mutu" na "mutoto", kwa silabi kamili. Mnande ambaye nyumbani kwao mtu ni omundu hana sababu ya kuimeza ile u. Husema "ku soko" na "mu nyumba" badala ya sokoni na nyumbani. "Masomo" ni shule yenyewe, si vipindi tu. Mtu anayejitambulisha kwa kusema "natumika ku benki" anafanya kazi benki, ingawa Mzanzibari atadhani analalamika kwamba benki inamtumia. "Tosha ile meza" ni amri ya kuiondoa meza. Mtu wa Tanga atajibu kwamba meza ni moja tu, haitatosha. Hakuna mzungumzaji anayekosea hapa. Wanatumia maneno yaliyoachana safarini.

Mpaka wa Kasindi ulikuwa njia kabla haujawa mpaka. Chumvi ya ziwa Katwe, upande wa Uganda, ilibebwa kichwani hadi milima ya Wanande muda mrefu kabla ya Mbelgiji na Mwingereza kugawana bonde la Semliki. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni husikilizana kwa lugha zao bila mkalimani, kwa hiyo mstari ulipochorwa, uliwakata ndugu. Katika miaka ya 1970 na 1980, uchumi wa Zaire ulipokuwa ukiporomoka, kahawa ya milimani iliuzwa Uganda kwa magendo, na wafanyabiashara wakarudi na bidhaa za dukani. Hapo Kiingereza kilianza kuwa na faida inayohesabika. Kiliandikwa kwenye magunia, kwenye stakabadhi, kwenye makontena yaliyopita Mombasa na Kampala.

Mfanyabiashara wa Butembo aliyezoea "facture" akafika Dubai, akaombwa "invoice". Kwake neno hilo halikufanana na kitu chochote. Laiti angelijua! "Invoice" ni "envoi" ya Kifaransa, mzigo uliotumwa, iliyovaa herufi za Kiingereza mpaka nduguze hawaitambui. Kuna maneno yanayodanganya kwa kufanana, na kuna haya yanayodanganya kwa kuficha undugu.

Kisha vita vikaleta Kiingereza cha aina nyingine. Kuanzia 1999 eneo la Beni na Butembo lilikuwa chini ya kundi la waasi la RCD-ML lililoungwa mkono na jeshi la Uganda, na wanajeshi hao walisema Kiswahili cha kambini na Kiingereza cha Kampala. Umoja wa Mataifa nao ukaleta ujumbe wake, MONUC, ulioitwa MONUSCO tangu 2010. Mashirika yakafuata. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa ebola uliojitokeza Mangina, karibu na Beni, uliokuja kuua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020.

Katika miezi ile neno moja lilisikika kila kona: riposte. Watu wa riposte, magari ya riposte, pesa za riposte. Kwa Kifaransa ni mapambano dhidi ya ugonjwa. Kwa Kiingereza "riposte" ipo, lakini ni pigo la haraka la mcheza upanga, au jibu la mkato la mtu mwenye ulimi mkali. Aliyeandika kwenye wasifu wake kwamba alifanya kazi "in the riposte" alimwachia msomaji wa London picha ya mtu aliyelipwa kujibizana. Kiingereza kilitaka "response". Jirani yake "sensibilisation", ile kazi ya kuzunguka nyumba hadi nyumba kuelimisha watu, ikawa "sensitization", na hapo mambo yakawa matamu zaidi. Neno hilo ni la kawaida kabisa katika redio na ofisi za Uganda na Kenya. Daktari wa Uingereza akilisikia atafikiria mwili ulioanza kupata mzio. Nani amekosea? Kwa mikutano ya Bwera na Kasese, kule Uganda, ni daktari.

Swali hilo linawasumbua hasa vijana waliosoma ng'ambo ya Lubiriha. Wanarudi Beni na Kiingereza chepesi, cha kujiamini, cha Uganda. Kwenye basi watakwambia "extend", maana yake sogea. Wakikuona baada ya mwaka watakwambia "you are lost", yaani umepotea. Bernard Sabiiti alikusanya maneno ya namna hiyo katika kamusi aliyoiita Uglish, iliyotoka 2014. Mwalimu wa Kongo aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu vya Kifaransa huyafuta, wakati yeye mwenyewe anasema "informations" na "advices" kwa wingi, kama Kifaransa kinavyoruhusu na Kiingereza kisivyoruhusu.

Juu ya hayo kuna makosa ambayo Kifaransa hakihusiki nayo kabisa. Kifaransa kinatofautisha "il" na "elle", Kiswahili na Kinande havijali. Mtu akichoka, au akiandika haraka, dada yake anageuka "he". Kusoma kwa Kiswahili ni kufumbua macho juu ya maandishi na pia ni kupata elimu. Kwa hiyo anaandika "I read in Butembo" akimaanisha alisoma shule huko, na Mwingereza anamwona ameketi kwenye benchi la mjini na gazeti. Kuazima ni kuchukua na pia ni kutoa: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Kiingereza kinataka vitenzi viwili, "borrow" na "lend", na kutoka Kisumu hadi Beni wanafunzi wamesema "borrow me a pen" hadi walimu wakachoka kusahihisha.

Inafaa kukumbuka kwamba Waingereza wenyewe walikuwa hivyo. Zamani "learn" ilikuwa kujifunza na pia kufundisha, na hata Shakespeare aliitumia kwa maana ya pili. Kifaransa kinafanya hivyo mpaka leo kwa "apprendre". Kuandika "debt" bila b ndiko kulikokuwa sahihi, kwa kuwa neno lilitoka "dette" ya Kifaransa. Wasomi wa baadaye walichomeka b ili neno lifanane na Kilatini "debitum", herufi isiyotamkwa na mtu yeyote. Mtoto wa Bungulu anayeisahau hiyo b anaandika kama watu wa zama za mshairi Chaucer. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, alichapisha sarufi iliyowasahihisha Shakespeare, Milton na hata wafasiri wa Biblia. Ni moja ya vitabu vilivyowafundisha Waingereza kuionea haya lugha ya wazazi wao, kazi ambayo Kiswahili sanifu kimeifanya pia, na kwa bidii, kwa watu wa Kongo.

Haya hayamsaidii sana aliye na barua ya kupeleka kesho asubuhi. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, shida yake imekuwa kubwa zaidi. Katiba ya nchi yake ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 137, uliandikwa ukitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano ya watu. Kiswahili kipo pande zote mbili za karatasi hizo. Bado, mfanyabiashara wa Kasindi akimwandikia mwenzake wa Mpondwe ujumbe wa simu kwamba anataka kuuza magunia 20 ya maharagwe, wote wawili wanaweza kufika na pesa mkononi, au, mwenzake akiandika hivyohivyo, wote wawili na magunia.

Wazoefu huvuka na maana mbili mfukoni: kuuzisha hapa, kuuza kule. Kwa barua ya kazi nao wamejifunza kufuta "demand" na kuandika "I wish to apply". Katika bahasha hubaki karatasi moja isiyohitaji kuguswa, curriculum vitae, maneno ya Kilatini yanayosomeka sawa Beni, Kampala na London. Isipokuwa mwajiri akiwa Mmarekani. Huyo ataomba "resume", na mwombaji wa Butembo, anayejua kwamba "résumé" ni muhtasari wa kitabu au wa hotuba, atajiuliza afupishe nini.